Muulize Mjomba: Bustani ya miti ya chuo imenishinda kabla sijaanza

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa kilimo cha bustani katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Nina mume na watoto wawili, na mpaka mwanzoni mwa mwaka huu maisha yangu yalikuwa darasa, mitihani na kitalu kidogo cha wanafunzi nyuma ya maabara. Mwezi wa nne nikaitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, nikakabidhiwa barua: mimi ndiye mkuu mpya wa kituo chetu cha kilimo cha bustani za mjini, pamoja na bustani ya miti ambayo wananchi wanaingia bure. Kikaoni nilipigiwa makofi. Posho ya madaraka bado sijaiona, ila hilo si la kukusumbua nalo.

Bustani ni kama ekari kumi na moja, inateremka kuelekea baharini. Ina miembe, mikwaju, mibuyu miwili, mkongo mmoja mkubwa sana, mivule, misandarusi, mikungu, na miti mingine mingi ambayo mimi na shahada zangu mbili siijui. Hakuna kibao hata kwenye mti mmoja. Anayeijua yote ni mzee mtunza bustani, aliyekuwepo tangu watangulizi wangu wote. Huyu mzee ananiita "binti" mbele ya wanafunzi. Nikimwomba anitajie miti niandike, ananijibu, "Iko kichwani, haipotei." Desemba anastaafu.

Mkuu wa chuo anataka eneo lote la mbele liwe ukoka na mitende ya mapambo kabla ya mahafali ya Novemba. Anataka na uzio, na watu walipe getini. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulipanda miche mia tatu na waheshimiwa, picha zikapigwa. Leo ni Agosti, iliyo hai haijazi toroli, na lawama zote zimenishukia mimi.

Upande wa chini kuna mikorosho kama ishirini. Bibi mmoja wa mtaa wa jirani na wanawe wanaipalilia na kuokota korosho kila msimu. Mwezi wa sita walikuja na mashine wakapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, Jumamosi saa nne asubuhi, wakati maharusi wanapiga picha chini ya mwembe. Mjomba, shela ile iliondoka pale na rangi ya bizari. Bibi anasema mikorosho ilipandwa na baba yake na chuo kimeikuta. Mkuu anasema ikatwe yote.

Kama hayo hayatoshi, amekuja afisa wa manispaa na ramani. Anasema ukanda wa juu unaopakana na barabara ni eneo la wazi la mji, na vijana wa bodaboda wameahidiwa kijiwe na vibanda pale. Nimepekua masjala ya chuo, sijaona karatasi ya kumjibu.

Mume wangu anasema nirudishe barua yao nirudi darasani. Mama anasema nivumilie, cheo hakiokotwi. Nianzie wapi Mjomba? Au niache?

Mpwa wako,
Mkuu wa bustani asiye na raha, Mtwara

*

Marahaba mpwa wangu.

Nakuanza na neno ambalo mkuu wako hatalipenda: mpaka mvua za mwisho wa mwaka zianguke na kukolea, usipande mche hata mmoja. Asikudanganye mtu na kamera. Na kwa miezi hii iliyobaki, shika kalamu kuliko jembe. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta tatizo la mti, nimeona moja tu, la ile miche ya Juni. Mengine yote ni karatasi ambazo hazikuandikwa wakati wake, na sasa wewe ndiye unayedaiwa.

Tuanze na huyu wa manispaa, maana yeye ndiye anayeweza kukuacha huna bustani. Usimkasirikie. Inawezekana kabisa ramani yake ni ya kweli, kwamba ukanda ule ni wa mji. Hilo halikuondolei bustani. Bustani nyingi za miti za vyuo duniani zimekaa juu ya ardhi isiyo ya chuo. Ile ya Chuo Kikuu cha Harvard kule Boston, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1872, ardhi yake iliingizwa katika bustani za jiji mwaka 1882, halafu jiji likakipangisha chuo kwa miaka 1,000, kodi dola 1 kwa mwaka. Kule Seattle, Marekani hukohuko, Chuo Kikuu cha Washington na jiji waliandikiana mwaka 1934 kuhusu bustani ya miti ya Washington Park, ambayo leo ina ekari 230. Ardhi ni ya jiji. Mkusanyiko wa miti unatunzwa na chuo. Mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya wapenzi wa bustani, wananchi wa kawaida, kazi yao kuchangisha fedha na kujitolea. Pande tatu, na mpaka leo ndivyo wanavyokwenda. Usidhani hawagombani; wanagombana, lakini wana karatasi ya kurudia.

Wewe nenda na wazo hilohilo kwa ofisa mipango miji, ukiwa na mwanasheria wa chuo, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Ombeni hati ya makubaliano: ukanda wa juu ubaki eneo la wazi kwenye ramani kama ulivyo, chuo kiutunze, wananchi waingie bure, na asijenge mtu kitu cha kudumu, si nyinyi wala wao. Na vijana wa bodaboda wapeni nafasi. Ninasema kwa dhati. Kijiwe cha bodaboda chini ya mikungu miwili, penye benchi na pipa la taka, ni walinzi wa bure wa lango lako kuanzia asubuhi mpaka saa tano usiku. Ukiwafukuza, hao hao watakuonyesha usiku mti unavyokatwa. Waandikwe kwenye makubaliano, kijiwe kiishie wapi, vibanda hapana.

Sasa mikorosho ya bibi.

Kabla hujatoa neno lolote kwa bibi au kwa mkuu, tafuta jedwali la fidia. Chuo kilipopewa eneo lile, kama kulikuwa na watu wenye mazao, mthamini alipita akahesabu mti kwa mti, na majina yakaandikwa. Nakala huwa inabaki ardhi, manispaa au mkoani hata kama masjala yenu imeliwa na mchwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mtu anayeondolewa haki yake ya ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kama chuo ni cha zamani kuliko sheria hiyo, mwanasheria atakwambia ipi ilitumika. Ukikuta baba wa yule bibi alilipwa na akatia dole gumba, mikorosho ni ya chuo. Ukikuta hakulipwa, mkuu wako akikata hata tawi ajue anajitafutia kesi, na wewe usiwe shahidi wake.

Lakini hata akiwa amelipwa mara mbili, mimi nisingekata. Fikiria mwenyewe: bustani ya miti ya wananchi, Mtwara, isiyo na mkorosho! Mti uliotoka Brazili, ukaletwa pwani hii na Wareno, leo ndio unaosomesha watoto wa mkoa mzima, halafu mgeni aje chuoni kwenu aonyeshwe mitende ya mapambo. Mikorosho ile ya mbegu ya zamani ni sehemu ya mkusanyiko wako. Ipe namba kama mivule. Waite na watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, waione. Wao ndio wenye mkorosho nchini, na huwezi kujua watakachokiona kwenye miti ya zamani kiasi hicho.

Kwa bibi, nenda nyumbani kwake. Usimwite ofisini. Nenda na mtu mzima wa mtaa, ukae mkekani, muandikiane jambo fupi: yeye na wanawe wataokota korosho na mabibo na kuuza kwenye chama chao kama kawaida, wao watapalilia na kuzoa matawi makavu, hawataongeza mti mpya wala kuweka mpaka, na salfa itapulizwa alfajiri siku za katikati ya wiki. Hilo la alfajiri halitamshangaza, kila mkulima wa korosho anajua salfa hupulizwa mapema, upepo haujaamka na majani yana umande wa kuishika. Wanawe walichelewa kuamka tu siku ile, au mashine ilikuwa imeazimwa na jirani. Ukiona hata hivyo vumbi linasumbua wagonjwa wa pumu, Naliendele watakueleza viuatilifu vya maji vya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, vinavyofaa kwa miti ishirini. Na kibao kiwekwe getini siku ya kupuliza: leo upande wa chini hakuingiliki.

Nimefika kwa mzee, na hapa nitakaa.

Mpwa, huyo mzee ndiye bustani. Akiondoka Desemba bila kuandikwa, utabaki na ekari kumi na moja za kivuli. Kivuli ni kizuri, lakini hata shule ya msingi inacho. Kinachoitofautisha bustani ya miti na kichaka ni kwamba kila mti una historia iliyoandikwa: mbegu yake ilitoka msitu gani, aliileta nani, mwaka gani, umesimama wapi. Mti usio na habari hizo hauwezi kutumika kwenye utafiti wowote wa maana, hata uwe mnene kiasi gani.

Sasa, wewe umemwendea na fomu, au simu mkononi, ukamwambia "nitajie". Mtu aliyewafundisha vijana jandoni hafundishi kwa kutajiwatajiwa. Naye anaona mbali: akishasema yote, ana kazi gani tena? "Iko kichwani" maana yake ni "nitakapoondoka mtanikumbuka". Hiyo "binti" isikuume sana. Kwa umri wake wewe ni binti, na akija mtu kutaka kukata mti wako atakuwa wa kwanza kusema "binti yangu amekataza".

Fanya hivi. Mwombe mkuu wa chuo barua ya kumteua mzee kuwa mshauri wa kumbukumbu za miti, na muanze kuandaa mkataba wa muda wa kumlipa baada ya kustaafu. Akiwa mtumishi wa umma, kustaafu kwa lazima ni miaka 60, hakuzuiliki, lakini kazi maalumu ya mkataba inaombeka, na iombwe sasa, si Desemba wakati kila ofisi iko likizo. Barua hiyo mpelekee wewe mwenyewe, umsomee. Kisha mpe wanafunzi wawili, mmoja awe anayesikia Kimakonde au Kimwera vizuri, watembee naye asubuhi, mti kwa mti, kabla jua halijawa kali. Mzee anaongea, mwanafunzi wa kwanza anaandika, wa pili anapima. Wewe usiwepo siku za mwanzo. Akizoea atakuita mwenyewe uje akuonyeshe kitu.

Kupima hakuhitaji mashine. Mita ya fundi cherehani inatosha: zungusha shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, andika mzingo, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mahali uliposimama mti, simu itatoa. Namba ianze na mwaka mti ulipoingia kwenye daftari, kisha namba ya mfululizo. Kwa mfano, mkongo wako mkubwa, ukiwa wa kumi na saba kuandikwa mwaka 2025, ni 2025-017. Mbele yake: mkongo, Afzelia quanzensis, jina kwa Kimakonde kama mzee alivyolitamka, mbegu kutoka wapi, kwa maelezo ya nani, mzingo, hali yake, na jina kamili la mzee kama mtoa habari. Jina lake liwe kwenye kila mstari. Siku atakapoliona daftari limechapwa, jina lake limejipanga kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hutamsikia tena na habari za kichwani.

Mti ambao naye hana uhakika nao, au ambao ana jina la kwao tu, kateni kitawi chenye maua au matunda, kilazeni katikati ya magazeti, kibaneni kwa mbao mbili na mawe juu, badilisheni magazeti kila siku mpaka kikauke kabisa. Vitawi hivyo vipelekwe hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vitambuliwe. Msione aibu, hata mabingwa hufanya hivyo.

Vibao: usinunue vya chuma. Wiki haiishi vitakuwa kwa muuza vyuma chakavu. Chukua makopo ya soda ya alumini, kata vipande, andika namba kwa ncha ya msumari ukiwa umeweka juu ya gazeti, itajichora kama muhuri. Mti mkubwa unaupiga msumari mrefu mmoja, nusu yake ibaki nje, kwa kuwa shina hunenepa na kumeza kibao kilichobanwa. Vibao vizuri vyenye majina na maelezo kwa wageni vitakuja fedha ikipatikana.

Daftari liwe na nakala tatu: moja kwako, moja maktaba ya chuo, moja nje ya chuo kabisa. Mei 2001 kituo cha kilimo cha bustani za mjini cha Chuo Kikuu cha Washington, kituo kama chako, kilichomwa moto usiku na watu waliodhani mtafiti mmoja pale anabadilisha vinasaba vya miti. Jengo likateketea, pamoja na kazi za watu wasiohusika, na jengo jipya lilifunguliwa miaka kadhaa baadaye. Mtwara nako tunajua uvumi unavyoweza kuchoma nyumba. Kwa hiyo mbali na nakala, fungua mlango. Kila Jumamosi weka meza chini ya mwembe, wanafunzi wawili wakae pale, mtu alete jani lenye ugonjwa, tawi la mchungwa uliogoma kuzaa, swali la tembele kwenye viroba. Kule Seattle kituo kile kina maktaba inayojibu maswali ya wananchi kuhusu mimea, bila kujali ni wanafunzi au la. Huhitaji jengo. Unahitaji meza, na mtu anayejua kusema "njoo wiki ijayo nitakuwa nimeuliza".

Mkuu wa chuo na ukoka wake. Hapa usibishane naye kwa hisia, mpelekee hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka kwenye jua na upepo wa pwani yetu kiangazi unataka kama milimita 5 kwa siku ili ubaki kijani. Eneo la mita za mraba 1,000, ambalo si kubwa hata kidogo kwa mtu anayeota mahafali, ni lita 5,000 kila siku, yaani matangi mawili na nusu ya lita 2,000. Kwa wiki ni lita 35,000. Mche wa mti uliopandwa vizuri na kuwekewa matandazo unaishi kwa lita 20 kwa wiki. Maji ya ukoka ule yangetunza miche 1,750. Mwandikie ukurasa mmoja, weka na bei ya maji kwa uniti mnayolipa, nyamaza. Kisha mpe cha kwake: kipande kidogo cha ukoka mbele ya jukwaa, ambapo kamera zinaelekea, na mitende minne. Mkuu wa chuo naye ana wakubwa wake na anahitaji pa kusimama siku ya mahafali. Kumnyima kabisa ni kumtafuta ugomvi.

Ile miche mia tatu ya Juni usiilie. Mvua zetu huku kusini ni msimu mmoja, zinaingia Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Kupanda tarehe 5 Juni ni kupeleka mche kwenye miezi mitano ya ukame ukiwa hata mizizi haijatoka nje ya udongo wa kiriba. Siku ya Mazingira mwakani wape waheshimiwa kazi nyingine inayopigika picha vilevile: kuweka matandazo, kubandika vibao, kujaza viriba kitaluni. Kupanda iwe Januari, ardhi ikiwa imelowa mpaka chini. Shimo lichimbwe mapema, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na ukishapanda zungushia makumbi ya nazi, yametupwa kila kona ya mji na hakuna matandazo yanayodumu kuliko hayo. Yasiguse shina. Kwa kiangazi cha kwanza, fukia chungu kisichopakwa rangi kando ya mche, ukijaze maji na kukifunika. Yatavuja taratibu kwenda kwenye mizizi, na mbu hawatazaliana.

Na upande nini? Hapa ndipo ninapokuonea wivu. Umekaa kwenye lango la misitu ambayo watu wanapanda ndege kuja kuiona. Msitu wa Rondo uko mkoa wa jirani, Lindi. Misitu ya Kilwa na Lindi ina miti ambayo haipo kwingine duniani. Upo mmoja wa maua mekundu na shina la miiba, Erythrina schliebenii, uliotambuliwa kutoka Lindi miaka ya 1930. Mwaka 1998 ukaorodheshwa kuwa umetoweka duniani, ukaonekana tena mwaka 2001, ukadhaniwa umepotea tena, na wataalamu wa mimea wa Dar es Salaam wakaukuta kwa mara nyingine mwaka 2011. Upo Karomia gigas, mrefu mno, umebaki miti michache sana katika misitu yetu ya pwani. Mwaka 2018 maelfu ya matunda yake yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, kujaribu kuuotesha, na mbegu zilizokuwa hai zilikuwa chache kupita kiasi. Fikiria, mpwa. Mti wa Kilwa unaoteshwa Missouri, na Mtwara tunapanda mitende ya mapambo.

Lakini usikimbilie porini na panga. Miti hiyo iko kwenye misitu ya hifadhi. Andika kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa wataalamu wa Dar es Salaam, uwaambie una kitalu, una maji, una daftari linaloeleweka. Bila daftari hawatakupa mbegu, nami nisingekupa. Wakati unasubiri, panda ya kawaida ya kwetu iliyoanza kuadimika: mpingo, mninga, mkongo, msandarusi. Mpingo utaoteshwa na wanafunzi wako na kuvunwa na wajukuu wa wajukuu wao. Wachonga vinyago wa mkoa huu wanajua nasema nini. Weka na kipande cha ming'oko, vile viazi vya porini, chini ya miti, watoto wa mjini waone inapotoka. Pembezoni panda mstari wa mwarobaini wa kuchumwa, uandike "chuma hapa", ili wabandua magome waiache ile mikubwa.

Fedha, kwa kifupi. Kiingilio cha getini hapana. Mkiweka uzio na tiketi, mama wa mtaa hataingia tena, na bustani isiyo na watu ndiyo ya kwanza kugawiwa viwanja. Toza picha za harusi, mafunzo ya bustani za nyumbani, na uza miche: mikorosho ya kubebesha, miembe, michungwa, na miti ya kivuli. Malipo yote yapite kwa mhasibu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hata ya mche mmoja. Usiguse noti. Wengi wenye nia njema waliondolewa kwa bahasha ya elfu themanini. Uliza pia mapema kama mapato yanarudi kwenye kituo au yanamezwa na mfuko mkuu. Kama yanamezwa, dai asilimia iandikwe.

La mwisho kabla ya swali lako: hao maharusi wanapiga picha chini ya miti ya zamani. Zunguka na mzee mwezi huu mtazame matawi makavu na mashina yenye uvungu juu ya njia na mabenchi, yakatwe kabla ya mvua na pepo zake. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, wazee wakongwe wanakihadithia hadi leo. Mkiona mkwaju wenye ufa, weka kamba, wasikae chini yake hata kama picha inapendeza.

Uache au usiache? Mume wako na mama yako wote wana hoja, ila wanabishana kuhusu wewe, na mimi naangalia barua yako ya uteuzi. Isome tena. Kama imekupa cheo bila kusema nani anaamua mti gani ukatwe, nani anapanga matumizi ya mapato, na kituo kina bajeti gani, hiyo si kazi, ni jalala la lawama. Mwandikie mkuu, kwa adabu, ukurasa mmoja na nusu: hati ya makubaliano na manispaa, mkataba wa mzee, makubaliano na bibi, kipande cha ukoka kisichozidi eneo utakalolitaja, na kwamba hakuna mti utakaokatwa bila saini yako. Omba jambo hilo lipelekwe kwenye baraza la chuo. Wakikubali hata matatu katika hayo, kaa, fanya kazi. Wakikujibu kwa mdomo tu, "tutaona", subiri kikao kimoja kinachofuata. Kikipita kimya, rudisha barua yao kwa maandishi, uchukue nakala ya daftari la mzee, urudi darasani kwako. Mama nitaongea naye mimi.